Madirisha ya Mzee Kitufe

Jina la Mzee Kitufe alilipata kazini, na kama majina mengi ya kazini, lilianza kwa kejeli likaishia kwa heshima. Alikuwa karani katika ofisi ya maji. Asubuhi wenzake wakishawasha kompyuta, walianza kuhangaika: programu ya barua iko wapi, ya hesabu iko wapi, ya kuchapisha bili imejificha wapi. Yeye alibofya mahali pamoja tu, zote zikaja zenyewe kama watoto walioitwa kula.

"Huyu mzee ana kitufe cha kila kitu," mkuu wa ofisi alisema siku moja. "Iko siku atabofya na mshahara utoke."

Watu wakacheka, jina likabaki.

Kitufe chenyewe hakikuwa na uchawi wowote. Ndani ya jedwali la hesabu mtu anaweza kuandika maagizo, yanaitwa makro, na maagizo hayo yanaweza kutoka nje ya jedwali yakaenda kugonga milango ya programu nyingine: wewe amka, na wewe amka, na wewe njoo na faili fulani. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kukosea, kuharibu na kuanza upya, na alipoelewa akawa hana dogo. Ukimuuliza swali moja, jiandae kukaa kitako. "Makro ni kama mtu aliyetumwa kuita majirani," alipenda kusema. "Anagonga mlango, anapaza sauti, kisha huyo, mlango wa pili. Hangoji kuona kama aliyeitwa ametoka au bado anatafuta viatu."

Alipostaafu, alihamishia ufundi wake nyumbani. Chumba cha mbele kiligawanywa bila ugomvi: upande wa mwanga ni wa mkewe na cherehani yake, upande wa ukuta ni wa kompyuta na printa. Mke alishona sare na magauni. Mume alitengeneza kadi za harusi, mitihani ya shule za jirani, matangazo ya maduka na vipeperushi vya maziko. Akamwita mkewe Fundi, mkewe akamwita Bwana Kitufe, na kutwa nzima wakarushiana maneno kati ya mashine mbili.

"Fundi, hiyo cherehani inanguruma kama trekta."

"Yangu inanguruma, nguo inatoka. Yako inanguruma, hata kitambaa sijakiona."

"Yangu ina akili, mama."

"Basi iambie ikaoshe vyombo."

Sasa, ili uelewe yaliyofuata, lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwenye chumba cha uani alikoishi mama mkwe wake miaka yake ya mwisho. Bibi yule alianza kwa kusahau jiko limewashwa. Akaja kusahau njia ya msalani. Mwisho akamsahau mwanawe mwenyewe. Akawa anamwita "we dada" na kumwuliza mama yake anarudi lini. Fundi alimlisha, alimwogesha, alibadilisha mashuka yake. Siku moja bibi alimng'ata mkono kwa kudhani ni mwizi. Fundi akaufunga mkono kitambaa, akaendelea kumchana nywele.

Walipomzika, wageni walipokwisha kuondoka, Fundi alikuwa jikoni anasugua sufuria, amempa mumewe mgongo.

"Nampenda mama yangu, Mungu ni shahidi," alisema. "Lakini mwingine kama huyu sitamweza. Akitokea mwingine nizikwe mimi kwanza."

Mzee Kitufe alikuwa mlangoni na glasi mikononi. Maneno yale yaliingia yakakaa, wala hayakuondoka tena.

Basi miaka ikapita, na siku moja akaikuta skrini imejaa. Programu ya picha ilikuwa imefunguka madirisha chungu nzima, moja juu ya jingine, kama sahani chafu. Akayafunga huku akinung'unika. Kesho yake, hivyohivyo. Keshokutwa ikawa zamu ya redio: wimbo uleule ukajirudia juu yake wenyewe, kila sauti nyuma kidogo ya mwenziwe, mpaka Fundi akaweka mkasi chini.

"Bwana Kitufe, umeleta kwaya?"

"Mashine ina wazimu," alisema, akaitafuta sauti aizime.

Akamwita fundi wa kompyuta, jamaa mmoja wa mdomo mrefu aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha mafuta. Jamaa akaja, akapekua, akafungua hili na kufunga lile, akapiga miayo.

"Mzee wangu, mashine nzima kabisa hii."

"Nzima vipi, inafungua programu ovyo?"

"Haifungui ovyo. Inafungua ukiiita. Umebofya mara moja, inakuja moja. Umebofya tena, inakuja ya pili. Haikuulizi, 'Mzee, si umeniita sasa hivi?' Yenyewe haina adabu hiyo." Akacheka. "Punguza haraka tu."

Mzee Kitufe naye akacheka, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi, akakaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Alikuwa na tabia nyingi mbaya, na mkewe angeweza kukutajia bila kuvuta pumzi, lakini haraka haikuwamo. Alijua kabisa kilichotokea. Alikuwa akibofya, akasahau, akabofya tena. Na alijua ugonjwa huo unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa sababu ulikwisha kukaa nyumbani kwake ukala na kulala.

Kilichomtisha hakikuwa kusahau. Kilichomtisha ni jikoni, na mgongo wa mkewe juu ya sufuria. Mama huyu ameshaubeba mzigo huu mara moja, alijiambia. Hutambebesha wewe mara ya pili. Asijue. Kwa vyovyote vile, asijue.

Akafanya alichokijua. Akaifungua makro, akaiongezea adabu aliyosema yule jamaa. Kabla ya kuita programu yoyote, makro itazame kwanza kama imeshaamka. Ikiwa imelala, iite. Ikiwa iko macho, isiite, bali itoe ujumbe katikati ya skrini. Ujumbe aliuandika mwenyewe, kwa mzaha, maana hakutaka kujihurumia: "Imeshafunguliwa, mzee. Endelea na kazi."

Na kweli, ikawa dawa. Madirisha yakakoma kurundikana na kwaya ikanyamaza. Kila alipobofya kwa mara nyingine, maneno yakamtokea: imeshafunguliwa, mzee, endelea na kazi. Mwanzoni yalimchekesha. Halafu yakamtuliza. Mwishowe akawa anayategemea kama kipofu anavyotegemea fimbo, akawa anaongeza vitufe vingine: cha kumletea kazi ya leo, cha kumletea picha ya mteja wa leo, cha kumkumbusha kuzima printa. Fundi alishona, akaimba chini kwa chini, hakuuliza kitu. Mzee Kitufe akashukuru moyoni. Amini usiamini, miezi ile alikuwa na furaha kidogo, furaha ya mtu aliyeziba paa kabla mvua haijashuka.

Lakini paa alilotengeneza lilikuwa na tundu, nalo alilitoboa mwenyewe. Makro aliiagiza itazame kama programu iko macho. Hakuiagiza itazame ndani yake mna nini. Ni sawa na kumtuma mtu akaangalie kama mlango uko wazi, naye akarudi akasema uko wazi, bila kuchungulia ni nani aliyekaa sebuleni.

Mtaani kwao alikufa mkunga, mama mtu mzima aliyewapokea duniani nusu ya watu wa pale, wengine wao sasa wana wajukuu. Mwanawe mkubwa, dereva wa lori, alikuja na picha ya mama yake na maneno ya wasifu, macho mekundu. "Mzee, picha ndiyo hiyo moja tu nzuri aliyo nayo," alisema. "Mama hakupenda kupigwa picha. Alikuwa anasema yeye hupokea watu, hapokei sifa."

"Niachie mimi," Mzee Kitufe alisema. "Mama yako alinipokelea binti yangu. Nitamtengenezea kitu kizuri."

Siku ile Fundi hakuwepo. Alikwenda kumpima mteja nguo upande wa pili wa mji. Mzee Kitufe alipanga wasifu, akasahihisha, akaweka mistari. Kisha akabofya kitufe cha picha, cha kumletea mteja wa leo. Programu ya picha ilikuwa macho tangu asubuhi. Ndani yake mlikuwa na Mwenye Duka, jirani yao, aliyetaka tangazo lenye sura yake akitabasamu. Makro ikatazama, ikaona mlango uko wazi, ikatoa ujumbe: imeshafunguliwa, mzee. Endelea na kazi.

Akaitazama picha. Mwanamume, shavu limejaa, meno nje. Kitu kikamgusa kwa ndani, kama mtoto anayevuta shati. Uso ule aliujua. Ila hakuwa na hakika aliujulia wapi. Je, aliyekufa si mwanamke? Au anachanganya? Siku hizi alichanganya mengi. Akayatazama tena yale maneno katikati ya skrini. Aliyaandika mwenyewe, wakati akili ikiwa timamu, kwa ajili ya siku kama hii. Akayaamini kuliko macho yake. Akaiweka picha, akachapisha, akakunja, akafunga kwa karatasi. Dereva wa lori akaja jioni mbiombio, akachukua kifurushi, akaaga bila kukifungua.

Kilifunguliwa makaburini.

Mzee Kitufe na mkewe walikuwa wamesimama katikati ya umati. Vipeperushi vikapita mkono kwa mkono. Halafu mnong'ono, kama upepo kwenye majani makavu. Mtu mmoja akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mwenye Duka naye alikuwepo, amevaa koti lake jeusi, akapewa cha kwake, akajikuta anajitabasamia mwenyewe juu ya maneno "Tulikupenda, ila Mungu alikupenda zaidi".

"Jamani," alisema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka mwisho wa mstari, "mimi bado nauza sukari."

Hapo walioweza kujizuia wakashindwa. Wakacheka watu, makaburini, jeneza liko pale. Na dereva wa lori akasimama na kipeperushi mkononi, akawa analia kama alivyolia siku ile mama yake mwenyewe alipompa pumzi ya kwanza.

"Mzee," alisema, "mama yangu yuko wapi?"

Mzee Kitufe alifungua mdomo. Akahisi mkono wa mkewe unampita kiunoni, na Fundi akatoka mbele.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Kosa ni langu. Mzee aliniachia nimalizie, alikuwa na homa. Mimi na mashine ile hatujuani, nikachukua picha isiyo yake. Nilaumu mimi. Mama yako alinishika mkono nikizaa. Siwezi kumdharau hata nikiwa nimekufa."

Dereva alifuta uso kwa kiganja. Wanawake wakamzunguka Fundi, huyu anamwambia basi mama, yule anamwambia makosa ni ya binadamu. Maziko yakaendelea.

Mzee Kitufe alibaki amesimama palepale. Uongo ule ulikuwa umetoka mzimamzima, una homa yake, una sababu yake. Uongo wa namna hiyo haupikwi papo kwa papo. Ulikuwa tayari siku nyingi, umewekwa akiba. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, naye miezi yote hiyo alidhani mtungi umefunikwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Chumbani mwao jua lilikuwa bado linaingia. Fundi akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, hakushika nguo.

"Tangu lini?" Mzee Kitufe aliuliza.

"Tangu kabla yako."

"Kivipi kabla yangu?"

"Ulikuwa unanihadithia kisa asubuhi, mchana unanihadithia tena. Nacheka mara zote mbili." Akajipangusa kidevu. "Na yale madirisha yako. Ulikuwa ukienda kujimwagia maji, mimi nayafunga. Kuna kale kaalama ka kukata, juu pembeni. Uliyokuwa unayakuta ni yale niliyoyasahau."

Mzee Kitufe akakaa. Alitaka kucheka, akashindwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ulisema mwingine hutamweza." "Siku ile jikoni, tulipomzika mama. Nilisikia. Nikasema nitajibeba mwenyewe mpaka nitakapofika."

Mtu mwingine angesema, ah, yale yalikuwa maneno ya uchovu tu, yasahau. Fundi hakuwa mtu wa kumpaka mumewe mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Nilisema," alijibu. "Wala sikudanganya. Mpaka leo nikiona shuka bichi kwenye kamba, napita njia nyingine. Nimezeeka, mume wangu. Wewe ni mzito kuliko mama. Sijui kama nitaweza. Nakuambia ukweli, sijui."

"Basi nipeleke mahali."

"Wapi? Nikupeleke wapi mimi nisikojua watakusalimia vipi?" Akatikisa kichwa. "Sikukufukuza. Nimesema sijui. Sijui si hapana. Lakini peke yangu, hapana. Hilo nalijua."

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, mwalimu katika mji wa mbali, mwenye watoto na shughuli zake. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki wazazi walimwambia hawajambo.

"Mwanao lazima ajue," Fundi alisema. "Na sitamwambia mimi. Aambiwe na baba yake, kwa mdomo wake, wakati mdomo bado ni wake."

"Nipe nipange maneno."

"Panga. Lakini usiyapange mpaka yaoze."

Mzee Kitufe aliacha kupokea kazi. Alikwenda kwa dereva wa lori na vipeperushi vipya vyenye sura ya mkunga, vya bure, vya kuweka nyumbani, na alimwambia ukweli wote mlangoni. Dereva alimkaribisha ndani, wakanywa chai, hawakuongea sana. Kisha akaanza kuyapanga maneno ya kumwambia bintiye. Aliyapanga kama alivyopanga wasifu wa marehemu: akaweka, akafuta, akasahihisha. Hakutaka kumtisha. Hakutaka pia kumdanganya. Zaidi ya yote alitaka neno moja lisimame mbele ya mengine yote, nalo lilimhusu mkewe.

Mchana mmoja akaona maneno yameiva. Akachukua simu, akavuta kiti karibu na cherehani. Fundi alikuwa anashona ukosi wa sare. Alimwona ameshika simu, akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nampigia mwanao," Mzee Kitufe alisema. "Leo namwambia."

"Haya, baba," Fundi alisema polepole. "Mwambie."

Simu ikaita, binti akapokea. Mzee Kitufe akasalimia, akauliza habari za wajukuu, kisha akaanza.

"Mwanangu, nina ugonjwa. Ni ule wa bibi yako. Usilie kwanza, nisikilize. Mimi nitakuwa sina shida, nitasahau hata kwamba naumwa. Mwenye shida ni mama yako. Alishabeba mzigo huu, ukamvunja mgongo, sasa unamrudia. Siku nitakapokuwa simjui, huruma yako usinipe mimi. Mpe yeye. Nikimtukana, umwambie si mimi. Na usimwache peke yake. Hilo tu ndilo nililotaka kukuomba."

Alikuwa amemaliza, na alijua amesema vizuri. Neno halikupotea hata moja. Upande wa pili akasikia mwanawe anavuta pumzi.

"Baba," binti alisema taratibu. "Uliniambia. Jumamosi."

Mzee Kitufe akamtazama mkewe. Fundi alikuwa ameinamia kitambaa.

"Nilikuambia?"

"Ndiyo, baba."

"Yote?"

"Yote. Na nikakuambia nimeomba uhamisho nije huko, wamekubali. Nakuja na watoto shule zikifungwa."

"Na lile la mama yako?"

"Hilo ndilo uliloanza nalo."

Akasugua goti kwa kiganja, akaendelea kulisugua. Nje mtu alikuwa anapita anavuta toroli, gurudumu moja likilia.

"Nilisema vizuri?" aliuliza.

"Ulisema vizuri sana, baba. Na leo pia umesema vizuri."

"Basi sawa," alisema. "Kama nilisema vizuri, basi sawa."

Akakata simu, akabaki ameishika. Mguu wa Fundi ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, haukanyagi.